Kuchukua volti 12 kwenye betri moja ya lori: Kwa nini zinakufa zote mbili

Foleni ya malori Tunduma inaweza kumlaza dereva barabarani usiku mmoja, wakati mwingine zaidi. Injini imezimwa kwa sababu dizeli ni ya kubana. Ndani ya kichwa cha lori kuna redio, feni ndogo, simu mbili za dereva, moja ya utingo, na siku hizi kuna kafriji ka maji na soda.

Vitu hivyo vingi vimetengenezwa kwa umeme wa volti 12. Lori lenyewe ni la volti 24.

Fundi wa pembeni ya barabara anamaliza ishu hiyo kwa dakika kumi. Anavuta waya kutoka kwenye betri moja kati ya zile mbili, anaunga friji, inawaka. Dereva analipa, safari inaendelea.

Wiki kadhaa baadaye, foleni inaanza kusogea alfajiri. Dereva anapiga stata, lori linajibu "tik" na kunyamaza. Nyuma honi zinaanza. Kinachofuata ni kutafuta mtu wa kubusti, na baada ya hapo kununua betri mbili za lori, ambazo kila anayezinunua anajua ni hela ndefu.

Wengi wanalaumu betri kwamba zilikuwa feki. Mara nyingi kosa ni ule waya wa dakika kumi.

Hizo 24 zinatoka wapi?

Betri ya lori unayoiona dukani, iwe N150 au N200, ni ya volti 12 kama ya gari dogo. Tofauti ni ukubwa wake. Ndani ina vyumba sita, na kila kimoja kinatoa volti 2 na ushee.

Lori linabeba betri mbili zilizoungwa kwa kufuatana, yaani chanya ya moja inakwenda kwenye hasi ya nyingine. Volti zinajumlishwa, 12 na 12, unapata 24. Ndivyo zilivyo Scania, Howo, Fuso nyingi, na hata Coaster nyingi za dizeli zilizotoka Japani.

Sababu kubwa ni stata. Injini kubwa ya dizeli inahitaji nguvu nyingi kuizungusha. Stata ya kilowati 5 kwenye volti 12 ingevuta zaidi ya ampea 400. Kwenye volti 24 inavuta karibu nusu ya hapo, kwa hiyo nyaya hazihitaji kuwa nene kama mkono.

Malori ya Kimarekani kama Freightliner na International ni habari nyingine. Mengi ni ya volti 12, hata ukikuta betri tatu au nne, kwa sababu zimeungwa sambamba. Kwa hiyo usihesabu betri ukadhani umejua volti. Pima kwa mita, au soma maandishi kwenye altaneta.

Tatizo la betri moja

Tuseme friji na redio kwa pamoja vinavuta wastani wa ampea 3. Usiku wa saa 10 ni ampea-saa 30. Ukilala kwenye foleni siku tatu bila kuwasha injini, zinafika 90. Kama betri iliyoungwa ni ya ampea-saa 150, zaidi ya nusu imekwenda. Jirani yake haijaguswa kabisa.

Sasa injini inawashwa. Altaneta inaanza kuchaji, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanadhani betri iliyochoka itapewa zaidi na iliyojaa itapewa kidogo.

Haiko hivyo. Betri zikiwa zimefuatana, mkondo unaopita kwenye moja ndio huohuo unaopita kwenye nyingine. Ni kama kuwapakulia watoto wawili sahani sawasawa wakati mmoja ameshiba na mwenzake hajala tangu jana. Aliyeshiba analazimishwa kumaliza, na mwenye njaa anaondoka bado na njaa.

Altaneta nayo haioni betri mbili. Inaona jumla tu, yaani volti 28 hivi. Kama mambo ni sawa, kila betri inapata 14. Lakini moja ikiwa imechoka inaweza kubaki kwenye 13, na ile iliyojaa ikapandishwa hadi 15. Jumla ni 28 ileile, kwa hiyo kwa altaneta kazi imekwisha na hakuna taa ya onyo inayowaka kwenye dashibodi.

Iliyopandishwa hadi 15 inachemka. Maji yake yanapungua, na gesi inayotoka ni haidrojeni na oksijeni, mchanganyiko unaoweza kulipuka kwa cheche moja. Iliyobaki na njaa nayo inatengeneza utando mgumu wa salfeti kwenye bamba zake, na kadiri siku zinavyokwenda utando huo hautoki tena hata ukiipeleka kwenye chaja.

Kwa hiyo moja inakufa kwa kushiba na nyingine kwa njaa.

Madereva wengine wanajua hili kidogo, ndiyo maana kila baada ya muda wanazibadilisha betri nafasi. Inasaidia kuugawa uharibifu, lakini hauishi. Kila siku bado kuna moja inayonyonywa peke yake.

Kuna hatari nyingine isiyozungumzwa sana. Betri moja hasi yake imefungwa kwenye chesisi, hiyo ndiyo mafundi wengi wanaichukua. Fundi akikosea akachukua ile ya juu, "hasi" ya friji au redio inakuwa na volti 12 juu ya bodi ya gari. Siku kava la redio au waya wa antena ukigusa chuma cha kabati, ni shoti ya moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kama hakuna fyuzi, waya unageuka kuwa koili ya jiko, na pembeni yake kuna godoro.

Kabla ya kununua chochote, soma maandishi

Vifaa vingi havihitaji volti 12 kama watu wanavyodhani.

Chukua chaja ya simu ya gari, ile inayochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Igeuze usome. Kama imeandikwa "INPUT: DC 12-24V", ichomeke moja kwa moja kwenye tundu la lori. Yenyewe inashusha hadi volti 5 za simu bila msaada wa mtu. Kama imeandikwa 12V peke yake, iache, kwa sababu kwenye tundu la volti 24 inaweza kuungua palepale na pengine kuondoka na simu.

Friji ndogo zenye kompresa nyingi nazo zimeandikwa 12/24V. Hiyo nayo inaungwa kwenye 24 ya betri zote mbili. Dereva anapewa fundi, fundi anatafuta volti 12 kwa shida, anaua betri, kumbe friji yenyewe ilikuwa inakubali 24 tangu dukani.

Angalia pia dashibodi. Malori mengi ya Ulaya ya miaka ya karibuni yametoka kiwandani na tundu la volti 12 pembeni ya lile la 24, na yameandikwa. Lile la 12 limeshashushwa ndani kwa ndani. Lina kikomo chake cha ampea, lakini kwa redio na feni linatosha.

Konveta

Kwa vile visivyokubali 24 kabisa, jibu ni konveta ya kushusha volti 24 kuwa 12. Ni kiboksi cha chuma chenye mapezi. Upande mmoja unaingiza 24 kutoka kwenye betri zote mbili kwa pamoja, upande wa pili unatoa 12. Kwa kuwa inachukua kwenye seti nzima, betri zinapungua sawasawa, na altaneta inazijaza sawasawa.

Hesabu ya kuchagua saizi si ngumu. Kila kifaa kina wati zake. Gawanya kwa 12 unapata ampea. Friji ya wati 45, redio ya wati 20 na feni ya wati 15 ni jumla ya wati 80, sawa na ampea 7 hivi. Lakini kompresa ya friji inavuta zaidi wakati wa kuanza, na konveta nyingi za bei rahisi huwa na namba kubwa kwenye boksi kuliko uwezo wake. Kwa mzigo huo chukua ya ampea 15 au 20, siyo ya 10.

Zipo aina mbili sokoni. Za zamani zinashusha volti kwa kuchoma ile ya ziada kuwa joto. Ukivuta ampea 10, volti 12 nyingine zinapotea bure, yaani wati 120 za joto kwenye kiboksi. Za kisasa zinakatakata umeme kwa kasi kubwa na hupoteza kama asilimia 10 tu. Muuzaji akikwambia "hii inachemka lakini ndivyo ilivyo", ujue ni ile ya kwanza.

Aina yoyote utakayochukua, iweke mahali penye hewa. Chini ya godoro la kitanda cha dereva si mahali pake, ingawa ndipo zinapoonekana mara nyingi.

Konveta haiongezi umeme, lakini. Friji na redio vya ampea 3 kwenye volti 12 vitavuta kama ampea 1.7 kwenye upande wa 24. Siku tatu zilezile za foleni zinapunguza ampea-saa 50 kwa kila betri badala ya 90 kwa moja. Betri za 150 bado zina theluthi mbili, na kama ni nzima stata itazunguka. Siku tano au sita ni hadithi nyingine.

Na kuna mtego. Friji nyingi zina kinga ya kujizima betri ikishuka. Ukiipitisha kwenye konveta, friji inaona volti 12 au 13 zilezile muda wote hata kama betri za lori zimebaki hoi. Kinga haifanyi kazi tena. Hiyo ni sababu nyingine ya kuunga friji ya 12/24V moja kwa moja kwenye 24, ili iwe inaona hali halisi ya betri.

Konveta pia inanyonya kidogo hata kama hakuna kilichowashwa. Ipe swichi yake karibu na dereva. Lori likilazwa yadi wiki mbili, swichi inazimwa.

Fyuzi na waya, ambako moto unaanzia

Fyuzi haikai karibu na redio. Inakaa karibu na betri, upana wa kiganja kutoka kwenye terminali kama inawezekana. Kazi yake ni kulinda waya. Waya ukichubuka katikati ya safari na kugusa chesisi, kila kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi.

Saizi ya fyuzi inafuata waya. Kwa waya wa 2.5, fyuzi ya ampea 15 au 20 inafaa. Fyuzi ikikatika usiweke ya 40, na usikunje karatasi ya sigara. Imekatika kwa sababu.

Waya mwembamba una tatizo lake hata kama hauungui. Kutoka kwenye betri hadi ndani ya kabati ni kama mita 5, na kurudi mita 5. Kwa waya wa 1, ukivuta ampea 10 unapoteza karibu volti 1.7 njiani. Friji inayotaka 12 inapata 10 na kitu, inaanza kuwaka na kuzima. Kwa waya wa 2.5 unapoteza kama 0.7. Ndiyo maana ni vizuri konveta ikae karibu na vifaa kuliko karibu na betri: upande wa 24 unabeba ampea chache, kwa hiyo safari ndefu iwe ya upande huo.

Waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mgumu ndani usiutumie. Lori linatikisika kutwa, uzi ule unakatika taratibu ndani ya plastiki bila kuonekana. Chukua waya wa gari wenye nyuzi nyingi, na kila unapopita kwenye tundu la chuma weka raba.

Kabla ya kuchomeka kifaa chochote, washa konveta ikiwa tupu na upime inachotoa. Mita isome kati ya 12 na 13.8. Ikisoma 24, ama imeungwa vibaya au ni mbovu, na redio ingekuwa imeshaungua.

Kwa malori ya kubeba mafuta, haya yote usiyafanye pembeni ya barabara. Nyaya za tenki la mafuta zina masharti yake, na cheche moja penye mvuke wa petroli haina marudio. Kazi hiyo ni ya karakana inayojua magari hayo.

Je, trekta?

Trekta ni nafuu zaidi. Massey Ferguson, New Holland na John Deere zinazolima huku ni za volti 12, kwa hiyo hakuna cha kushusha. Pampu ya kunyunyizia dawa, taa za kulimia usiku au chaja ya simu vinachukua umeme moja kwa moja kwenye betri, kupitia fyuzi.

Kosa la kwenye trekta ni kuiba umeme kwenye waya wa taa. Waya ule ulipimwa kwa taa tu. Ukiongeza pampu ya ampea 8, swichi ya taa inaanza kuyeyuka, na siku hiyo unakosa pampu na taa pia. Vuta waya mpya kutoka betri, weka rilei, na waya wa taa utumike tu kuiamsha rilei.

Matrekta mengi mapya ya Ulaya yana tundu la pini tatu kwenye kabati au nyuma kwa ajili ya vifaa vya shambani. Likiwepo, tumia hilo.

Ukikuta trekta kongwe la Kiingereza kama Ferguson TE20, angalia mara mbili kabla ya kuunga. Kwenye hayo chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, na kama halijabadilishwa, redio ya kisasa ukiiunga kwa mazoea inakufa hapohapo.

Pima leo kama umeshaunga

Kama lori lako tayari lina waya kwenye betri moja, mita ya bei ndogo inatosha kujua hali.

Zima kila kitu, acha lori lipumzike saa kadhaa, ikiwezekana usiku kucha. Pima kila betri peke yake, siyo jumla. Iliyojaa inasoma 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 imekaribia kuisha. Zikitofautiana kwa zaidi ya 0.2 au 0.3, tayari moja inaonewa.

Kisha washa injini, ipe dakika 20, pima tena kila moja. Zote zikiwa karibu na 14, uko salama. Moja ikiwa 13 na nyingine 15, ndicho kile kilichoelezwa hapo juu, na kinaendelea kila kilomita. Angalia maji kwenye ile ya 15, huenda yameshashuka chini ya bamba. Unapofungua vizibo usiwe na sigara mdomoni.

Ukiwahi, zinaweza kuokolewa. Ondoa ule waya, peleka kila betri ichajiwe peke yake hadi ijae, ongeza maji safi ya betri panapohitajika, kisha zirudishe pamoja. Kuna pia kifaa cha kusawazisha, kinachofungwa katikati ya betri mbili na kuhamisha umeme kutoka iliyojaa kwenda iliyopungua. Kinafaa kwa lori ambalo lazima liendelee kutumia betri moja, ila lazima kiweze kubeba ampea za vifaa vyako, vinginevyo ni mapambo.

Kama moja imekufa na nyingine inaonekana nzima, muuzaji atakushauri ununue moja tu. Ukiiweka mpya pamoja na ya zamani, tofauti inaanza upya siku hiyohiyo, hata kama friji umeshaihamishia kwenye konveta. Zinanunuliwa mbili, saizi moja, aina moja, siku moja.